Kutoka Malindi Hadi Rabai: Katika Nyayo za Wakristo wa Kwanza wa Pwani

Mjini Malindi, kando ya bahari na si mbali na nguzo ya Vasco da Gama, kuna kanisa dogo lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa makuti. Halina mnara wala madirisha ya vioo vya rangi. Limezungukwa na makaburi machache, na watalii wengi hulipita wakiharakisha kwenda kupiga picha kwenye nguzo. Hata hivyo, kanisa hilo lililoachwa na Wareno ni miongoni mwa alama za kale kabisa za Ukristo katika Afrika Mashariki. Anayetaka kujua dini hiyo ilivyofika pwani ya Kenya, ikatoweka, kisha ikarudi na kukaa, hana mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Huko Hispania, maelfu ya watu hutembea kila mwaka kuelekea Santiago de Compostela. Njia yao imechorwa mishale ya manjano, na kwa karne nyingi nyumba za watawa zimekuwa zikiwapa wasafiri kitanda na chakula. Kaunti ya Kilifi haina mishale ya namna hiyo. Lakini vituo vipo: Malindi yenyewe, barabara ya kusini kupitia Gede na Kilifi, kisha vilima vya Rabai na Ribe vinavyotazama Mombasa kwa mbali. Anayevifuata kwa utaratibu, kwa gari mahali penye lami ndefu na kwa miguu mahali penye vijia, hukutana na historia ya watu ambao majina yao yanastahili kujulikana zaidi kuliko yanavyojulikana leo.

Mgeni aliyezika mwenzake Malindi

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mombasa hakupokewa vizuri, lakini sultani wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wa muda mrefu na jirani yake wa kusini, aliona faida ya kupata rafiki mwenye mizinga. Alimpa Mreno huyo chakula na rubani wa kumvusha hadi Kalikut, India. Urafiki huo ndio chanzo cha nguzo inayoonekana leo juu ya rasi. Msalaba wake ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno na umechongwa nembo ya mfalme wa nchi hiyo. Mwanzoni ulisimama karibu na makao ya sultani, baadaye ukahamishiwa ufukweni. Ule mnara mweupe wenye umbo la pia unaoushikilia ulijengwa baadaye ili usianguke.

Mwaka 1542 ilifika meli iliyombeba padri Mjesuiti, Francis Xavier, aliyekuwa akielekea Goa, India. Mtu mmoja alikuwa amefariki melini, akazikwa Malindi kwa ibada ya Kikristo. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi wa Septemba mwaka huo, Xavier alieleza kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna maziko yalivyofanywa. Alieleza pia mazungumzo yake na mmoja wa wakubwa wa mji. Mzee huyo alimuuliza kama Wakristo huenda kanisani kwa wingi, kwa kuwa yeye alisikitika kuona kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi, ni mitatu tu iliyokuwa na waumini. Mapokeo ya Malindi yanaihusisha ziara hiyo na kanisa la makuti na makaburi yake.

Mazungumzo hayo yana uzito. Watu wawili wa dini mbili tofauti, katika mji wa Waislamu, walikaa wakaulizana kuhusu unyonge wa imani za watu wao. Hakuna aliyemtishia mwenzake. Xavier aliendelea na safari yake, na mwaka 1622 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Nyumba ya watawa na mwana wa mfalme

Yaliyofuata hayakuwa na upole huo. Miaka ya 1590 Wareno waliteka Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamia Mombasa kutawala chini ya kivuli chao. Watawa wa shirika la Mtakatifu Agustino walifungua nyumba yao Mombasa mwishoni mwa muongo huo. Hiyo ndiyo nyumba ya watawa ya kale ambayo msafiri wa njia hii angetamani kuiona, lakini hakuna kuta zake za kugusa. Kilichobaki ni mabaki ya kanisa ndani ya Ngome ya Yesu na habari za kusikitisha.

Sultani Hasan wa ukoo wa Malindi aligombana na kapteni wa Kireno. Alikimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama za Wareno wenyewe. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe mdogo, Yusuf, naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Agustino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo. Hakusahau baba yake. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi katika Uislamu na kuwataka Wakristo wa mji wafanye hivyo. Wengi walikataa. Wareno, watawa na Waafrika waliobatizwa waliuawa, na Kanisa Katoliki limewakumbuka kwa jina la Mashahidi wa Mombasa.

Ni vigumu kuchagua upande mmoja katika kisa hicho. Waliokufa hawakuwa wote wenye hatia ya damu ya Hasan, na aliyewaua alikuwa mtoto aliyenyang'anywa baba. Yusuf mwenyewe aliondoka Mombasa mwaka uliofuata, akawa haramia baharini, akafa miaka michache baadaye. Mwaka 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu, na Ukristo wa Wareno ukafutika pwani. Ulikuwa umetegemea ngome, na ngome ilipoanguka haukuwa na kijiji cha kuushika.

Barabara ya kusini

Kutoka Malindi, njia ya kusini hupita Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Hupita pia Kilifi, ambako juu ya hori kuna magofu ya Mnarani, yenye msikiti na makaburi ya nguzo. Anayefuata nyayo za Wakristo hana budi kuyatazama magofu haya kwa heshima. Yanamkumbusha kwamba wageni wote waliokuja na msalaba walifika katika nchi yenye miji, elimu, biashara na ibada zake.

Mavueni, kusini mwa hori la Kilifi, kuna barabara inayoacha pwani na kupanda bara kuelekea Kaloleni na Mariakani. Hapo joto la bahari hupungua kidogo. Minazi hufuatana mgongo hadi mgongo, chini yake miembe na mikorosho, na kila baada ya mwendo kuna mtu aliyepanga madafu kando ya njia. Hii ni nchi ya Wamijikenda, na juu ya vilima vyake kuna kaya, misitu mitakatifu iliyozunguka makao ya kale ya mababu. Mwaka 2008 UNESCO ilizitambua kumi kati ya hizo, zikiwemo kaya za Rabai na Ribe.

Rabai, kwa ruhusa ya wazee

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani kutoka Württemberg aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, CMS. Baada ya kufukuzwa Ethiopia, alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1844, akapewa barua ya kumtambulisha na Sultani Sayyid Said. Alipokaa Mombasa mwaka huo huo, mke wake Rosine alijifungua mtoto wa kike, na mwezi wa Julai wote wawili wakafa kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, ambako kaburi lipo hadi leo. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani.

Kwa miaka miwili alizunguka vilima vya nyuma ya Mombasa akizungumza na wazee wa Mijikenda. Aliwaeleza kwamba yeye hakuwa askari wala mfanyabiashara, bali mwalimu. Wazee wa Rabai walimkubali. Johannes Rebmann alipojiunga naye mwaka 1846, walipanga kuhamia huko mwezi wa Agosti. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walipanda mashua hadi mwisho wa hori, kisha wakaanza kupanda kilima wakiwa na punda mmoja, huku miguu ikiwashinda. Baadaye Krapf aliandika kwamba ni nadra misheni kuanzishwa na watu dhaifu kiasi hicho.

Hapo ndipo tofauti na Wareno inapoonekana wazi. Hakuna mizinga iliyowatangulia Krapf na Rebmann. Kama wazee wangekataa, wangerudi walikotoka. Jiwe la kwanza la kanisa la Rabai liliwekwa juu ya ukarimu wa watu wa kaya, ambao wenyewe hawakuacha desturi zao. Leo anayetembelea Rabai huona vitu vyote viwili kwa wakati mmoja: nyumba za zamani za misheni na kanisa la Mtakatifu Paulo, na kwa pembeni msitu wa kaya ukiwa bado umesimama.

Mafanikio, kama mtu angehesabu vichwa, yalikuwa madogo mno. Mtu wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu na maskini, akabatizwa mwaka 1851 akiwa anakaribia kufa. Mwongofu wa kwanza wa misheni hiyo hakuwahi kuketi kanisani akiwa na afya yake kama Mkristo. Krapf aliondoka kwa sababu ya maradhi mwaka 1853, ila Rebmann alibaki. Alikuwa amekwisha kuuona Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, habari iliyokataliwa na baadhi ya wataalamu wa Ulaya ambao hawakuwa wameuona mlima huo. Rebmann aliishi pwani miaka 29. Alizika mke na mtoto, akapofuka, na mwaka 1875 akarudi Ujerumani akiwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyemwongoza njiani. Mwaka uliofuata akafariki.

Kazi yao nyingine inamhusu moja kwa moja anayesoma makala haya. Injili ya Luka katika lugha ya watu wa Rabai ilichapishwa Bombay mwaka 1848. Muhtasari wa sarufi ya Kiswahili wa Krapf ulitoka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Maneno hayo hayakutoka kichwani mwake. Yalitoka kwa wenyeji waliokaa naye na kujibu maswali yake siku baada ya siku. Wengi wao hawakuandikwa majina.

Waliokuja wakikimbia

Miaka ya 1860 na 1870 walianza kufika Rabai Waafrika waliotoka India. Walikuwa wametekwa wakiwa watoto na kuuzwa utumwani, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Uingereza na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay. Pwani waliitwa Wabombei. Mmoja wao, William Jones, alifika mwaka 1864, na katika miaka ya 1880 ndiye aliyekuwa kiongozi wa kanisa la Rabai. Chini yake misheni ilijaa watu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda vilima usiku na mchana kutafuta hifadhi, na wamiliki wao wakafuata kwa hasira.

Mgogoro huo ulipozidi, kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala, IBEA, ilikubali kuwalipa wamiliki fidia. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai palifanyika hafla ya kutoa vyeti vya uhuru kwa watoro waliokuwa katika misheni, jumla yao ikiwa zaidi ya 1,400. Ni moja ya siku kubwa katika historia ya uhuru nchini Kenya, na inastahili kufundishwa shuleni sawasawa na sikukuu za taifa.

Jones anakumbukwa pia kwa safari nyingine. Askofu James Hannington alifika pwani mwaka 1885, akampa ushemasi Jones pamoja na Ishmael Semler, na mwezi wa Julai akaondoka Rabai kwa miguu kwenda Uganda akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Jones alifuatana naye hadi Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Hapo askofu alimwacha na kundi kubwa, akaendelea na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na watu wanne tu wa msafara wake wakarudi wakiwa hai kumpa Jones habari. Ikambidi awarejeshe wengine pwani. Mwezi wa Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa wamechoka, matambara mwilini, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja la Biblia: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Mamia ya kilomita kwenda, mamia kurudi, na shemasi Mwafrika aliyekuwa mtumwa ndiye aliyeuongoza msafara salama hadi nyumbani. Jina la Hannington limeandikwa kwenye makanisa na shule. La Jones wanalijua wachache.

Ribe na nchi ya Wagiriama

Kutoka Rabai, kijia cha kaskazini hupanda na kushuka mabonde hadi Ribe, mwendo wa saa chache kwa mtu asiye na haraka. Krapf alirudi pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo hapo. Thomas Wakefield ndiye aliyeshikilia kazi hiyo kwa miaka mingi, pamoja na Charles New, aliyefika mwaka 1863 na ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Ribe kuna makaburi ya wamisionari, likiwemo la Rebecca Wakefield, mke wa Thomas, aliyefariki mwaka 1873. Ni mahali panapomfanya mtembezi ahesabu gharama: karibu kila familia ya kigeni iliyokuja vilima hivi ilizika mtu.

Lakini shahidi wa kukumbukwa zaidi alikuwa mwenyeji. Mgiriama mmoja, Abe Ngowa, alifika Rabai miaka ya 1870, akajifunza kusoma, akarudi kwao na kitabu. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa mshahara. Alipowafundisha jirani zake, likatokea kundi la waumini ambalo halikuwa na mzungu hata mmoja. Baadaye kundi hilo lilihamia Fuladoyo, chini ya uongozi wa David Koi, na Fuladoyo ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka. Hilo lilimfanya Koi awe adui wa waliotaka watu wao warudishwe. Mwaka 1883 alikamatwa na kukatwa kichwa. Waanglikana wanamhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa kanisa lao nchini Kenya.

Kisa cha Koi kinakamilisha picha ya njia nzima. Wareno waliacha nguzo na kuta. Watu wa Fuladoyo hawakuacha jengo lolote la fahari, ila waliacha jamii za waumini katika nchi ya Wagiriama ambazo hazikuhitaji ngome ili ziendelee kuwapo.

Namna ya kuitembea

Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa upepo wa kusi hupoza vilima na mvua kubwa za masika huwa zimepita. Januari na Februari ni kavu lakini jua ni kali. Mwendo mzuri wa siku moja kwa miguu ni wa Rabai hadi Ribe. Anayetoka Mombasa hushuka Mazeras, kwenye barabara ya Nairobi, kisha hushika njia ya Kaloleni na kufika Rabai baada ya kilomita chache. Makavazi ya Taifa ya Kenya yanatunza jumba la makumbusho hapo, na mwenye kutaka mwongozaji aanzie kwao. Kanisani kuna ibada za kawaida, kwa hiyo mgeni huvaa mavazi ya staha na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kaya nazo zina miiko yake. Haziingiwi bila mzee wa kaya, hazikatwi kuni, na mgeni hufuata anachoambiwa kuhusu viatu na kamera. Mkristo anayefanya hija hapa afahamu kwamba wazee hao ndio wazao wa waliompokea Krapf.

Uganda imeonyesha kinachowezekana njia ya hija inapothaminiwa. Kila tarehe 3 Juni, Namugongo hupokea umati wa mahujaji, wengine wakiwa wametembea wiki nzima na zaidi, hata kutoka Kenya, kuwakumbuka mashahidi waliouawa, wengi wao kwa kuchomwa moto mwaka 1886. Kanisa Katoliki lilipowatangaza 22 kati yao kuwa watakatifu mwaka 1964, njia za kuelekea huko zilianza kujaa. Kenya nayo ina Subukia, karibu na Nakuru, ambako Wakatoliki hupanda kwenda kwa Mama Maria.

Pwani, kazi inayohitajika si kubwa. Dayosisi ya Kianglikana, Wamethodisti wa Ribe, jimbo Katoliki la Malindi, wazee wa kaya na kaunti wanaweza kukaa pamoja na kuweka vibao kuanzia kanisa la makuti hadi makaburi ya Ribe. Vijana wa Rabai na Kaloleni wanaweza kufundishwa uongozaji na kupata riziki. Kwenye vibao hivyo, pamoja na majina ya Xavier, Krapf na Hannington, yaandikwe kwa herufi za ukubwa uleule majina ya Mringe, Abe Ngowa, David Koi, Isaac Nyondo na William Jones, na tarehe 1 Januari 1889.